Duara la Ukoka

Jua halijavuka ukingo wa mlima, na mzee ameshatoka na mwanzi wake. Ni mwanzi wa mita 4 hivi, mnene kidogo mkononi na mwembamba nchani hata unachezacheza wenyewe, ulioteremshwa kutoka ule ukanda wa mianzi ulio juu kwenye Rwenzori. Anasimama pembeni mwa duara la nyasi nyuma ya nyumba yake, anaushika kwa mikono miwili, anaupitisha juu ya majani kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, kama mtu anayemfukuzia nzi mtoto aliyelala. Umande unaruka. Palipopita mwanzi panakuwa kijani kilichokolea. Pasipopita bado pana weupe wa asubuhi. Anasogea hatua moja, anarudia. Duara lina upana wa hatua kumi na mbili tu, na kazi hiyo inamchukua karibu nusu saa, kwa sababu hataki kuruka hata mahali pa kuweka kiganja.

"Umande ukilala hapa mpaka saa tatu unaleta ugonjwa," aliniambia siku ya kwanza. "Halafu mashine ikipita kwenye majimaji, majani yanashikana. Unakuwa hukati, mwanangu. Unang'oa."

Hapa ni Kilembe, bonde la mto Nyamwamba, kilomita 10 hivi kutoka mji wa Kasese. Mimi ni mtu wa Bwera, kule mpakani, ambako siku ya soko pale Mpondwe Kikonzo na Kiswahili cha Kongo vinamwagika pamoja kama maharage ya gunia moja. Kutoka kwetu hadi hapa ni zaidi ya kilomita 50: teksi mpaka Kasese, kisha boda boda kupanda bonde. Nimekuja mara saba sasa. Majirani wananiuliza ninafuata nini Kilembe, maana wengi huenda huko kwa ajili ya mlima au kumtazama mgonjwa. Nawajibu ninafuata nyasi, nao huniangalia wakingoja niendelee.

Mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza uzalishaji mwaka 1956, mwaka ule ule reli ilipofika Kasese. Shaba ilipakiwa kwenye mabehewa, ikavuka nchi nzima hadi kiwanda cha kuyeyushia cha Jinja. Kampuni iliyouendesha ilikuwa na wenyewe Kanada, na wakuu wake walijijengea mji kamili ndani ya bonde hili jembamba: nyumba zilizopangwa kufuata mto, hospitali, shule, klabu, na kiwanja cha gofu chenye mashimo tisa. Katika klabu nyingi za siku za ukoloni Mwafrika aliingia kwa mlango wa kazi tu, ama kumbebea mzungu mkoba wa fimbo, ama kukata nyasi. Mzee aliingia baadaye, miaka ya mwanzo ya 1970, bado kijana asiye na ndevu, na aliingia kwa slasha. Mwaka 1982 mgodi ulisimama. Wafanyakazi waliotoka mbali wakarudi makwao. Yeye alibaki, na kitu alichobaki nacho ni kujua nyasi.

Watu wakitaja viwanja bora vya gofu husifu mandhari. Husema mlima unaonekana, ziwa liko karibu, miti ni ya miaka mingi. Hutaja bingwa aliyecheza pale na idadi ya mipigo aliyomaliza nayo. Ni mara chache sana nimesikia mtu akisema: kiwanja kile ni bora kwa sababu yuko mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kukagua kama nyungunyungu wametoa udongo juu. Ila kiwanja ndicho hicho. Mlima ungekuwepo hata pasingekuwa na gofu. Kilichotengenezwa na mkono wa mtu ni lile duara dogo lenye shimo na kibendera, ambalo wachezaji huliita grini, na nusu ya mchezo wote huishia hapo.

Nyasi yenyewe ni ukoka, huu huu unaoujua, unaotambaa njiani na kuota kwenye ufa wa saruji, ambao mbuzi hawauchoki. Tangu utotoni tumeukanyaga bila kuuangalia. Kumbe duniani ni nyasi mashuhuri. Mwaka 1960, kule Tifton katika jimbo la Georgia, Marekani, mtafiti Glenn Burton na wenzake walitoa aina iliyozaliwa kwa kuuchanganya ukoka huu na ndugu yake wa Afrika Kusini, na leo viwanja vingi vya nchi za joto, vya gofu na vya mpira wa miguu, vimevaa watoto wa ndoa ile. Nayo nyasi iitwayo kikuyu, iliyobeba jina la watu wa milima ya Kenya, imefika mpaka Riviera, kiwanja maarufu cha Los Angeles. Nilipomweleza mzee habari hizi hakushangaa sana. Aliinama, akachomoa uzi mmoja wa ukoka uliokuwa unavuka mpaka wa duara, akaunyosha juu ya kiganja. Kila pingili ilikuwa imetoa vimizizi vyeupe upande wa chini. "Huu hauombi ruhusa," akasema. "Unauambia ukae, wenyewe unasafiri."

Kazi yake basi ni kuukalisha msafiri mahali pamoja, na uwe mfupi. Kwenye mashindano makubwa grini hukatwa hadi milimita 3. Yeye hukata milimita 5 au 6, na kwa mashine aliyonayo huo ni ufundi mkubwa. Ni mashine ya kusukuma kwa mkono, isiyo na injini, ambayo aliinunua kwa kilo kwa muuza chuma chakavu. Ina pipa la visu vilivyopinda kama kamba iliyosokotwa, na chini yake kisu kimoja kilicholala kimya. Magurudumu yakizunguka, visu vya pipa vinapita juu ya kile kilicholala, na jani likiingia katikati linakatwa kama kwa mkasi. Hapo ndipo tofauti na slasha. Slasha hulipiga jani kofi. Asubuhi ya pili ncha zote zimekuwa nyeupe, na kiwanja kinaonekana kama kimenyunyiziwa majivu. Jani lililokatwa kwa mkasi linabaki kijani mpaka ukingoni.

Nilimtazama akiiandaa. Aliigeuza mashine miguu juu, akafuta kila kisu kwa kitambaa, kisha akachukua ukurasa wa gazeti la zamani na kuuchana vipande vyembamba. Akaweka kipande kati ya pipa na kisu cha chini, akazungusha kwa kidole. Karatasi ikakatika, safi, bila sauti. Akasogeza kipande upana wa vidole viwili, akazungusha tena. Ikakatika. Mahali pa tatu ikakunjika badala ya kukatika. Akachukua spana, akakaza parafujo ya upande ule robo mzunguko, siyo zaidi, akajaribu tena. Alienda hivyo upana mzima wa mashine na kurudi. Ukikaza mno, chuma kinasugua chuma, kinapata joto na makali yanakufa. Ukilegeza, jani linalala chini ya kisu na kuinuka baadaye likiwa zima. Kati ya kukaza na kulegeza pana nafasi isiyozidi unene wa karatasi ile ile, na mzee anaijua kwa mlio. Makali yakififia anapaka ule unga mzito wa grisi ambao mafundi wa magari husagia valvu, anazungusha pipa kinyumenyume saa nzima, vyuma viwili vikinoana vyenyewe kwa vyenyewe.

Mashine ya namna hii ina kwao, na kwao ni mashambani mwa Uingereza. Mwaka 1830, karibu na mji wa Stroud katika kaunti ya Gloucestershire, fundi aitwaye Edwin Budding alisajili mashine ya kwanza ya kukata nyasi. Stroud ulikuwa mji wa viwanda vya nguo za sufu. Kitambaa cha sufu kikishafumwa huwa na vinyoya vilivyosimama, laini kama malaika ya mkononi, na viwandani palikuwa na mtambo wenye visu vya kuzunguka ulionyoa vinyoya hivyo ili nguo iwe laini. Budding akautazama mtambo ule akaona nyasi. Kabla yake, uwanja wa tajiri ulikatwa kwa mundu mrefu na wanaume waliojipanga mstari alfajiri, wakati umande bado unalainisha majani. Na viwanja vya gofu vya pwani ya Uskoti vilikatwa kwa meno ya kondoo na sungura.

Kaunti ile ile, kilomita chache tu kutoka Stroud, ina kiwanja kiitwacho Minchinhampton Old kilichoanza mwaka 1889 juu ya malisho ya wote. Wanakijiji wana haki ya zamani ya kulisha pale, na mpaka leo kila mwezi wa Mei ng'ombe hufunguliwa na kuingia, wakala majani katikati ya wacheza gofu hadi majira ya baridi yakaribie. Mchezaji humngoja ng'ombe asogee. Sijafika huko, ila nimelifikiria jambo hilo mara nyingi, kwa kuwa nyanda zetu zinalifanya kila usiku bila mtu kulipanga.

Kutoka Bwera kwenda Kasese, barabara inapita Kikorongo, karibu na mstari wa ikweta, na hapo kando ni hifadhi ya Queen Elizabeth. Ukiingia hadi rasi ya Mweya utaona nyasi fupi kando ya maji, fupi kama zulia. Huo ni mkono wa kiboko, au niseme mdomo wake. Kiboko hali kwa meno ya mbele. Anabana nyasi kwa midomo yake mipana na kuzinyofoa, kilo 40 hivi kwa usiku mmoja, na hurudi mahali pale pale usiku unaofuata. Nyasi ndefu hufa, zile zitambaazo hubaki na kuenea, na mahali pakawa uwanja. Viboko walipozidi, miaka ya 1950, udongo wa Mweya ulibaki uchi na mvua ikaanza kuuchukua. Wasimamizi wa hifadhi waliwaondoa kwa bunduki mwishoni mwa miaka hiyo, na majani yakarudi, marefu, pamoja na vichaka. Mzee anakijua kisa hicho kwa njia yake. "Ukikata mno unaua," alisema. "Ukiacha kukata, unaua pia. Inakuja nyasi nyingine na hii yako inakosa jua."

Kwenye uwanda wa Kasenyi kuna wafanyakazi wengine, kobu, yule swala aliye kwenye nembo ya taifa letu akitazamana na korongo. Dume wa kobu hujitwalia duara lake na kulilinda, jirani kabisa na duara la dume mwenzake, na majike huja kuchagua. Mwanazoolojia wa Marekani, Helmut Buechner, aliwachunguza kule bonde la Semliki na kuchapisha habari zao mwaka 1961: madume wamesongamana katika eneo lenye upana wa mita 200 hivi, kila mmoja na kiduara chake, vya katikati vikiwa vidogo kuliko vya pembeni. Kwa kukanyagwa na kutafunwa, nyasi za pale zinakuwa fupi kiasi kwamba asubuhi ukitazama kutoka mbali unaona madoa mepesi juu ya uwanda mrefu wa kahawia. Mara ya kwanza nilipoyaona nilisimama nikihesabu, nikitafuta vibendera.

Basi viwanja vyetu vya magharibi nimevipima kwa nyasi. Kabale kuna kiwanja cha mashimo tisa karibu na hoteli ya White Horse Inn, na baridi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari inabadilisha kila kitu: ukoka unasinzia kule, kikuyu inashangilia, na kikuyu ni ngumu kuifanya laini kwa kuwa inavimba kama godoro. Mbarara ni nchi ya ng'ombe na ya jua kavu. Mpira ukigusa ardhi unakwenda mbali, na mtunzaji anapigana na kiu. Fort Portal nakipenda zaidi kwa mteremko wake. Kiko kwenye nchi ya mvua nyingi na udongo mweusi wa volkano, na siku ambayo mawingu yamekubali unaona Rwenzori kwa upande ule ambao sisi wa Bwera hatuuoni. Udongo wa namna ile unamsaidia mtunzaji kwa mkono mmoja na kumchosha kwa mwingine, kwa sababu kila kitu kinaota, hata kisichotakiwa. Jinja siyo magharibi, lakini siwezi kuiacha, maana shaba ya Kilembe iliishia huko, na kiwanja chake kando ya Nile kina sheria iliyojulikana duniani: mpira ukiangukia kwenye unyayo wa kiboko, unauinua na kuuweka pembeni bila adhabu. Mtu aliyeandika sheria hiyo alijua kwamba mtunzaji wa usiku huwa anapita kabla ya mtunzaji wa mchana.

Lakini nikiulizwa ni wapi palipohitaji mkono mzuri kuliko kote, nitasema Kilembe, na nina sababu. Bonde ni jembamba. Jua linachelewa kufika na linawahi kuondoka, na ukoka ni mtoto wa jua. Mvua ya mlima inashuka kwa ghafla. Na udongo wa chini una sumu yake. Miaka ile ya uchimbaji, mabaki ya mawe yaliyosagwa yalirundikwa kando ya mto, na shaba ikizidi kwenye udongo inaunguza ncha za mizizi. Chini kule Kasese palirundikwa mabaki mengine, yenye kobalti, na maji makali yaliyotiririka kutoka humo yaliua majani hadi ndani ya hifadhi. Mwaka 1999 ndipo kiwanda cha kobalti kilianza kuyayeyusha kwa kutumia bakteria. Kwa hiyo mzee hachoti mchanga wa mto mahali popote. Hupanda juu ya mgodi, kwenye kijito kinachoingia Nyamwamba kutoka kulia, anakochota mchanga usio na rangi ya kutu, anaubeba kwa gunia, anauanika kwenye bati, anauchekecha mara mbili. Kisha anaumwaga juu ya duara kiganja kwa kiganja, kama mtu anayetia chumvi, na kuusugua kwa ufagio wa njiti hadi uzame kati ya majani. Huko Uskoti, Tom Morris aliyekuwa mtunza nyasi wa St Andrews tangu mwaka 1865 alisifika kwa kumwaga mchanga namna hii hii. Mchanga unajaza vibonde, unapitisha maji, na unaulazimisha ukoka kupandisha vichwa vipya.

Zamani, bara hili, viwanja vingi havikuthubutu kuwa na grini za majani. Palikuwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari ili usipeperuke, na kila mchezaji akishamaliza mtu alilivuta gunia au ubao juu yake kufuta nyayo. Mzee anavikumbuka viwanja hivyo kwa kusimuliwa na waliomfundisha. Anavitaja kwa heshima, kwa kuwa kulainisha mchanga ule nako kulikuwa na mbinu zake, kuanzia katikati na kutoka nje kwa mzunguko mmoja usiokatika.

Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ulifurika. Mto huu ukijaa haubebi maji tu. Unabeba mawe makubwa kama magari, na mlio wake mzee anasema aliusikia kifuani kabla ya masikioni. Madaraja yalikwenda, nyumba zilikwenda, na watu walikufa. Mei 2020 ukarudi, na hospitali ikaharibika vibaya. Ukitembea leo kando ya mto utaona mawe meupe yametandaa mahali palipokuwa na bustani za watu. Mzee hana maneno mengi juu ya siku zile. Alinionyesha tu kwamba ukoka wa duara lake ni mjukuu wa ukoka wa kiwanjani. Aliuchukua miaka mingi kabla ya mafuriko, nyuzi chache ndani ya jani la mgomba, akauotesha hapa juu ambapo mto haufiki.

Ana bomba la chuma ambalo mchomeleaji wa Kasese alimkatia kwa kipimo cha milimita 108. Upana huo ndio wa kila shimo la gofu duniani tangu mwaka 1891, na inasemekana ulitokana na kifaa kilichokuwa kikitumika Musselburgh, Uskoti, miaka mingi kabla ya hapo. Kila baada ya siku mbili au tatu anahamisha shimo, ingawa wanaocheza hapo ni wajukuu na mimi. Miguu inazunguka shimo kuliko mahali pengine popote, na nyasi inachoka. Nilimwomba anionyeshe polepole.

Kwanza alivua viatu. Alitembea peku juu ya duara lote, akisimama hapa na pale, vidole vya miguu vikibonyeza kama vya mtu anayetafuta sarafu iliyozama mchangani. Mahali alipopapenda palikuwa hatua nne kutoka ukingoni, na pande zote, kwa umbali wa urefu wa mkono, ardhi ilikuwa imetulia. Akasimamisha bomba, akaligusa kwa kiganja kuhakikisha limenyooka, akalikandamiza na kulizungusha, nusu kulia, nusu kushoto. Likaingia. Alipolitoa, lilitoka na mche wa udongo wenye kofia ya kijani, na kwenye ubavu wa mche niliona miaka yote ya kazi yake: utepe mwembamba wa mchanga, utepe wa udongo mweusi, tena mchanga, tena mweusi, na mizizi myeupe ikivuka tepe zote kwenda chini.

Mche huo akaubeba kwa mikono miwili mpaka shimo la zamani. Hapo ndipo uvumilivu wake ulipo. Aliushusha, akaona umesimama juu ya majirani kwa unene wa kucha. Akautoa, akakwangua udongo kidogo chini ya shimo, akaurudisha. Sasa ulikuwa chini kidogo. Akautoa tena, akanyunyiza mchanga wa vidole vitatu. Mara ya nne alifumba macho, akapitisha kiganja juu yake kutoka nje kuingia ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje. Akamimina maji ya kopo kuuzunguka, akakanyaga mara moja kwa kisigino na mara moja kwa unyayo. Nilipotazama sikuweza kuona mahali paliposhonwa. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Jicho linaweza kudanganywa. Mpira haudanganyiki," akaniambia nikauviringishe nione. Ulipita juu ya kiraka bila kutikisika.

Kuviringisha mpira pale ndiko kulikonifunza jambo ambalo macho yangu hayangelijua. Ukoka una upande wa kulala, kama mahameli. Ukiupapasa kuelekea mtoni unang'aa. Ukirudi kuelekea mlimani unakuwa na kiza. Mpira unaokwenda na ulalo unateleza na kupitiliza. Unaokwenda kinyume unazuiwa kama umeshikwa na vidole vidogo. Mtunzaji anaweza kuupunguza ulalo huo kwa kukata leo kutoka mashariki, kesho kutoka kaskazini, kesho kutwa kwa mshazari, na mzee hufuata zamu hiyo bila kuiandika. Nilifikiri tena juu ya Budding wa Stroud na mtambo wake wa kunyoa nguo. Wauza vitenge wa Mpondwe nao hupitisha mkono juu ya kitambaa kabla hawajataja bei.

Safari yangu ya nne, mzee alinipa nyuzi za ukoka ndani ya jani la mgomba. Mvua za Machi zilipoanza nilichimba duara nyuma ya nyumba yetu Bwera, hatua nane, nikachekecha udongo na kung'oa mizizi ya gugu la lumbugu kwa mikono siku nne mfululizo, maana kipande kimoja kikibaki kinarudi na ukoo mzima. Nikapanda nyuzi shubiri moja moja. Kufikia Juni duara lilikuwa limefunga. Sina mashine bado. Nakata kwa mkasi wa fundi cherehani, nikiwa nimepiga magoti juu ya gunia, na binti yangu hukusanya vipande kwenye sinia.

Jumanne moja mzee alikuja soko la Mpondwe kununua kitenge cha mkewe, akapitia kwetu. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akavua viatu, akaanza kutembea. Sikusema neno. Alizunguka mara mbili, akakata katikati, kisha akasimama upande wa mgomba na kubonyeza kwa vidole, mara moja, mara mbili.

"Hapa pana jiwe," akasema.

Tulileta kisu na kopo la maji. Tukakata kipande cha mraba, tukakiweka kwenye sinia ya binti yangu, tukachimba. Lilikuwa la ukubwa wa ngumi ya mtoto, shubiri nzima chini.